Ufufuko wa Elimu na Mkorosho wa Newala

Mkulima wa Newala apandaye mkorosho hauulizi mti wake kabila. Asili ya mti huu ni Brazil. Wareno waliuvusha bahari katika karne ya 16, wakauleta Msumbiji na pwani ya Afrika ya Mashariki. Ukaipenda ardhi ya kichanga, ukapanda bara mpaka Uwanda wa Makonde, na leo watu wa Newala na Masasi hujenga nyumba, huoa na husomesha watoto kwa fedha yake. Mhogo nao, ulio chakula cha nyumba nyingi za huko, asili yake ni Amerika. Hapana mtu mwenye akili timamu awezaye kusimama sokoni Newala akamwambia mkulima kwamba korosho zake ni mali ya kuazima. Angechekwa.

Lakini jambo lililo wazi shambani hufichika darasani. Mwana wa mkulima yule yule aingiapo shule ya sekondari hufundishwa, kama si kwa maneno basi kwa mfano, kwamba elimu ina kabila. Kwamba ule wakati mkubwa ambao Wazungu huuita kuzaliwa upya, yaani Ufufuko wa Elimu, ni urithi wa Mwingereza. Kwamba mlango wake ni Kiingereza peke yake. Na kwamba Kiswahili chafaa kwa soko, siasa na nyimbo, hakifai kubeba hekima nzito. Madai haya yana wafuasi wengi, na baadhi yao ni watu wenye vyeo vya elimu. Hayana budi kujibiwa, wala hapana shahidi bora wa kuyajibu kuliko Ufufuko wenyewe.

Kwanza na itazamwe asili yake. Uingereza ya mwaka 1400 ilikuwa nchi ya pembeni, mbali na miji iliyokuwa vituo vya maarifa. Elimu iliyokuja kuing'arisha ilikuwa imesafiri safari ndefu kwa mikono ya watu wengine. Karatasi ilibuniwa Uchina, ikapita kwa Waislamu, ndipo ikafika Ulaya. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona, Mwitalia, alikaa Toledo katika Hispania akifasiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini; miongoni mwavyo kilikuwamo kitabu cha nyota cha Ptolemy na kitabu kikubwa cha utabibu cha Ibn Sina. Katika karne hiyo hiyo Adelard wa Bath, Mwingereza, alikifasiri kitabu cha jiometri cha Euclid. Lakini hakukitoa katika Kiyunani alichokiandikia mwenyewe, alikitoa katika Kiarabu. Leonardo wa Pisa, aliyewafundisha Wazungu hesabu za tarakimu kwa kitabu chake cha mwaka 1202, alikuwa amejifunza tarakimu hizo utotoni mwake katika bandari ya Bugia, Algeria. Basi kabla ya Ulaya kufufuka, ilikuwa imekwisha kula mezani pa watu wengi.

Kisha zamu ilikuwa ya Italia. Petrarca, aliyeishi 1304 hadi 1374, aliwatafuta waandishi wa kale wa Roma kama mtu atafutaye ndugu waliopotea. Mwaka 1397 Manuel Chrysoloras, mwalimu kutoka Constantinople, alianza kufundisha Kiyunani mjini Florence. Mwaka 1417 Poggio Bracciolini alikuta katika nyumba ya watawa huko Ujerumani shairi la Lucretius lililokuwa limesahauliwa kwa karne nyingi. Gutenberg akapiga chapa Biblia yake Mainz karibu na mwaka 1455. Uingereza katika haya yote ilikuwa ikipokea. William Caxton alijifunza kazi ya kupiga chapa Cologne, na kitabu cha kwanza cha Kiingereza alichokipiga chapa kilikuwa tafsiri aliyoitoa katika Kifaransa. Hata mtambo wake aliusimamisha Westminster mwaka 1476 tu. William Grocyn na Thomas Linacre walikwenda Italia kutafuta Kiyunani, wakarudi nacho kwao. Erasmus aliyefundisha Cambridge kati ya 1511 na 1514 alikuwa Mholanzi. Holbein aliyeichora sura ya mfalme Henry wa Nane alikuwa Mjerumani. Thomas Wyatt alichukua namna ya shairi la mistari 14 kutoka kwa Waitalia, akailazimisha ikae katika Kiingereza. Taa ya Uingereza iliwaka, hapana shaka. Lakini mafuta yake yalitoka katika vibuyu vya watu.

Wale wasemao kwamba tafsiri ni chakula cha makombo, kwamba anayemsoma Shakespeare kwa Kiswahili amepata kivuli tu, na waitazame tamthilia moja. Plutarch aliandika habari za Kaisari kwa Kiyunani. Jacques Amyot akazifasiri kwa Kifaransa, kitabu kikatoka mwaka 1559. Thomas North akaitwaa kazi ya Amyot akaitia katika Kiingereza mwaka 1579, pasipo kupitia Kiyunani. Shakespeare akasoma kitabu cha North, akatunga tamthilia yake ya Kaisari karibu na mwaka 1599. Julius Nyerere akaifasiri kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, kisha akaitengeneza upya ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwanafunzi wa Masasi akifungua kitabu hicho anapokea kwa mkono wa sita. Lakini Shakespeare mwenyewe alipokea kwa mkono wa nne! Ikiwa kupokea kwa tafsiri ni aibu, aibu hiyo ilianza Stratford kabla ya kufika Masasi. Na kama si aibu kwa Shakespeare, haiwezi kugeuka ikawa aibu kwa kijana wa Newala kwa sababu tu yeye ni wa Newala.

Watu wa Uwanda wa Makonde wanajua zaidi kuliko wengine maana ya kitu kizuri kukaa mahali pasipofikika. Juu ya uwanda ule maji ni adimu, na kwa vizazi vingi wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni, wakateka, wakapanda mteremko mkali na mitungi vichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyapandisha maji kwa mitambo na mabomba. Hapana mtu aliyesema kwamba maji yakipandishwa hayatakuwa maji tena, au kwamba asiyeweza kuteremka hastahili kunywa. Kufasiri ni kuyapandisha maji. Anayekataza tafsiri kwa kisingizio cha kuilinda elimu hailindi elimu. Analinda heshima yake mwenyewe ya kuwa mmoja wa wachache waijuao njia ya bondeni.

Hoja ya pili hutolewa kwa sauti ya upole zaidi. Husemwa: si kwamba Kiswahili kinadharauliwa, ila hakina maneno, kikipata maneno kitafundishia. Hoja hii ingemfurahisha sana adui wa Kiingereza katika karne ya 16, kwa maana ndiyo aliyokuwa akiitumia. Katika siku zile elimu ya Uingereza ilikaa katika Kilatini. Thomas More, Mwingereza wa London, alipotunga kitabu chake cha Utopia mwaka 1516 hakukiandika kwa lugha ya mama yake. Watu wake walikipata kwa Kiingereza mwaka 1551, yeye akiwa amekwisha kufa. Francis Bacon alikitoa kitabu chake juu ya maendeleo ya elimu kwa Kiingereza mwaka 1605, kisha mwaka 1623 akakitoa kwa Kilatini kikiwa kimepanuliwa, kwa kuwa hakuwa na imani kwamba Kiingereza kingedumu. Harvey alieleza mzunguko wa damu kwa Kilatini mwaka 1628. Newton naye, mwaka 1687, alieleza kanuni za mwendo wa vitu kwa Kilatini. Waliokidharau Kiingereza walikuwa Waingereza, tena wasomi, tena wenye nia njema.

Walakini walikuwako wengine ambao hawakungoja. Robert Recorde, tabibu kutoka Wales, aliandika kitabu cha hesabu kwa Kiingereza mwaka 1543. Maneno hakuwa nayo, akayaunda. Mengine yalishika, mengine yakasahaulika. Katika kitabu chake cha mwaka 1557 alichoka kurudia rudia maneno ya kusema kwamba kitu hiki ni sawa na kile, akaweka mistari miwili iliyolala sambamba. Na alama hiyo leo huandikwa ubaoni kila siku katika shule za Masasi, Tokyo na Moscow. Richard Mulcaster, mwalimu mkuu wa shule moja ya London, alitoa mwaka 1582 kitabu cha kuutetea usomaji kwa Kiingereza, akishikilia kwamba mtu aweza kuiheshimu Roma na kukienzi Kilatini bila kuifanya lugha yake mwenyewe mtumwa wa lugha hiyo. Wakati huo huo wasomi waligombana juu ya maneno ya kigeni: hawa wakiyaleta kwa mizigo kutoka Kilatini, na wale, kama John Cheke wa Cambridge, wakiyacheka kuwa ni maneno ya kidau cha wino. Ugomvi ule ulikuwa wenyewe dalili ya uzima. Lugha isiyogombewa ni lugha ambayo haina kazi.

Fundisho lake ni hili: Kiingereza hakikupata maneno kwanza kisha kikatumiwa, kilitumiwa kwanza, na maneno yakaja kwa kutumiwa. Mtoto hafundishwi kutembea akiwa kitandani mpaka miguu ikomae. Anayesema kwamba Kiswahili kingoje nje ya darasa la sekondari mpaka kiwe tayari, anakihukumu kisiwe tayari milele, kisha atakilaumu kwa kutokuwa tayari.

Wala Kiswahili hakianzi safari hii leo. Mwaka 1867 Edward Steere alipiga chapa Unguja hadithi nne zilizotokana na tamthilia za Shakespeare, kwa kufuata masimulizi ya Charles na Mary Lamb. Hiyo ni miaka tisa kabla Steere hajatia mguu Masasi. Mwaka 1968 S. S. Mushi alitoa tafsiri ya Makbeth, na mwaka 1969 Tufani. Mwaka huo huo Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, na kwa neno moja la jina lile alionyesha kwamba mfasiri si mchukuzi wa mizigo tu. Ana macho, tena ana hukumu. Tangu miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania. Lakini mlangoni mwa sekondari hukoma. Kijana aliyefundishwa miaka saba kwa lugha anayoifikiri hukabidhiwa siku moja lugha asiyoifikiri, huambiwa aeleze kwayo kisa cha Ufufuko wa Elimu, na akishindwa huandikiwa kwamba hajui historia. Hakuna aliyempima historia. Amepimwa Kiingereza, akaandikiwa ujinga wa kitu kingine. Naye akitaka kufaulu hukariri: hujifunza kwa moyo kwamba Ufufuko ulileta uhuru wa kufikiri, na hulisema neno hilo bila kuruhusiwa kufikiri kwa uhuru hata dakika moja. Kejeli gani ipitayo hiyo?

Hapo hujibiwa kwamba kijana akifundishwa kwa Kiswahili atatengwa na dunia. Na tena hutolewa mfano wa Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso katika wilaya ya Masasi mwaka 1938, akasomea Kiingereza Makerere, na akawa Rais wa Tanzania tangu 1995 hadi 2005. Mfano huu ni wa heshima, lakini hausemi kile usemeshwacho. Mti mmoja mrefu si msitu. Na sera ya elimu haitungwi kwa ajili ya mti mmoja, hutungwa kwa ajili ya msitu. Tena Mkapa huyo huyo alipata kuwa mhariri wa gazeti la Uhuru, na kazi ya kuwasemesha raia wa nchi nzima aliifanya kwa Kiswahili. Kujua lugha ya kigeni ni kitu kimoja, na kufundishiwa mambo yote kwayo ni kitu kingine. Waingereza walipokipandisha Kiingereza hawakukifukuza Kilatini. Shule zao ziliendelea kukifundisha kwa karne nyingi, na Shakespeare mwenyewe alilelewa na shule ya namna hiyo. Kiingereza na kifundishwe Newala na Masasi, tena kifundishwe vema kuliko sasa, na walimu wakijuao. Kiwe somo, kisiwe ukuta.

Liko kosa jingine, nalo limejificha ndani ya sifa. Husimuliwa kwamba nuru ilianza Masasi mwaka 1876, Steere alipofika kutoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makao chini ya majabali yale makubwa. Habari yenyewe ni ya kweli, wala haifai kupunguziwa heshima. Watu wale walikuwa na nia ya kurudi kwao upande wa Ziwa Nyasa, wakakaa Masasi, wakajenga, wakashambuliwa na Magwangwara mwaka 1882, na baadhi yao wakachukuliwa mateka mara ya pili katika maisha yao. Chauncy Maples baada ya shambulio hilo alihamishia kazi Newala, kwa Matola, mkubwa wa Wayao. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa, alipewa daraja la ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, naye akaitumikia Chitangali. Mtu asiyeona ukubwa katika maisha ya Majaliwa hana macho.

Lakini kuheshimu mapambazuko ya mtu mmoja si kusema kwamba kabla yake dunia ilikuwa usiku. Mwaka ule ule wa 1890 Machemba, mkubwa mwingine wa Wayao, aliyekaa Luagala juu ya Uwanda wa Makonde, alimjibu Hermann von Wissmann, jemadari wa Wajerumani, aliyemtaka anyenyekee. Alimjibu kwa barua, na barua ile iliandikwa kwa Kiswahili. Alisema kwamba urafiki anaukubali, utii hauoni sababu yake. Naye hakutii, hata mwaka 1899 alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Basi kabla dola ya Kijerumani haijashika uwanda ule, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya kujadiliana na dola. Kilikuwa kimepanda kutoka Lindi na Mikindani pamoja na misafara ya biashara, na baadaye vyuo vya Kurani vikaeneza kalamu na wino vijijini. Wasemao leo kwamba Kiswahili hakiwezi kusema neno kubwa wangemweleza nini Machemba, aliyekitumia kusema neno kubwa kuliko yote, yaani hapana?

Kundi la tatu husimama upande wa pili, nalo husema: ikiwa elimu hii ni ya Wazungu, na itupwe yote. Hawa wana jeraha la kweli, wala halifai kufunikwa kwa kitambaa. Ufufuko ule ule uliochora picha nzuri katika kuta za Roma ndio uliozipeleka merikebu za Francisco de Almeida Kilwa mwaka 1505, mji ukatekwa na kuporwa. Erasmus alikuwa hai mwaka ule, tena katika umri wa nguvu zake. Mwaka 1562, miaka miwili kabla ya kuzaliwa Shakespeare, John Hawkins alifunga safari kutoka Uingereza kwenda pwani ya Afrika ya Magharibi, akachukua watu na kuwauza ng'ambo ya bahari. Mwalimu afundishaye Ufufuko kwa vijana wa Masasi, mji uliojengwa na watu waliotoka utumwani, kisha akayanyamazia haya, hafundishi historia, anasimulia ngano.

Lakini kulijua jeraha si kuitupa dawa. Wareno walioibomoa Kilwa ndio walioleta mkorosho. Mkulima wa Newala ameutwaa mti bila kuwasamehe waliouleta, na amefanya haki mara mbili. Elimu nayo ni vivyo hivyo. Wala si kweli kwamba watu wa huko hupokea tu kama gunia tupu. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, alijulikana mbali kwa kuingiza jando katika maisha ya Kanisa, na wengi walimsifu yeye peke yake. Uchunguzi wa Terence Ranger, uliotolewa mwaka 1972, ulionyesha kwamba makasisi, walimu na waumini wa Kiafrika walikuwa na mkono wao katika jambo hilo, wala hawakuwa watazamaji. Hawakukubali kuacha mila iwafanyayo watoto wao kuwa watu. Waliikalisha dini mpya na mila ya kale katika nyumba moja, wakagombana, wakapatana. Raphael naye, alipowachora wanafilosofia wa Kiyunani, watu wasiokuwa Wakristo, katika ukuta wa nyumba ya Papa kati ya 1509 na 1511, alikuwa akifanya kazi ya namna hiyo. Ikiwa tendo la Roma huitwa Ufufuko, lile la Masasi liitweje? Kuliita ushirikina na kuliita lile ustaarabu ni kuyapima mazao mawili kwa mizani miwili.

Na Poggio wa Masasi yuko wapi? Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Leipzig, alipita Masasi, Chingulungulu na Newala. Akanunua vinyago na vyombo, akapiga picha, akanasa nyimbo kwa mashine ya sauti, akavichukua vyote Ujerumani, na mwaka 1908 akatoa kitabu. Kitabu chake kina dharau nyingi za wakati wake, lakini kina sauti na majina ambayo wajukuu wa wenyewe hawana. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Unangu, Yohana Abdallah, kasisi wa Kiyao, hakungoja mgeni: aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, ikatolewa Zomba mwaka 1919. Njia zote mbili ziko wazi kwa msomi wa leo. Poggio alikwenda katika maktaba za watawa kuwatafuta mababu zake wa Roma. Msomi wa Newala na akagonge milango ya Leipzig kuwatafuta wake. Kisha arudi aketi na mafundi wa vinyago, na makungwi wa unyago, na manyakanga wa jando, aandike yale ambayo ni halali kuandikwa, kabla mauti hayajaifunga maktaba. Ufufuko wa Ulaya ulianza kwa watu kuona haya ya kusahau. Haya hiyo ikikosekana, vyeti havitaifidia.

Limebaki onyo moja, nalo ni kwa watetezi wa Kiswahili wenyewe. Mwaka 1549 serikali ya Uingereza iliamuru ibada isomwe kwa Kiingereza katika makanisa yote. Kwa Mwingereza wa London lilikuwa tendo la kufungua mlango. Lakini watu wa Cornwall waliondoka na silaha. Na mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa kwamba baadhi yao hawakijui Kiingereza. Walipigwa vibaya, na lugha yao ikadhoofu mpaka wasemaji wake wa kuzaliwa wakatoweka. Lugha iliyokuwa jana ikionewa na Kilatini ikawa leo ikionea nyingine. Kimakonde, Kiyao, Kimakua na Kimwera havikuzaliwa ili viwe mbolea ya Kiswahili. Ambaye hudai haki kwa Kiswahili mbele ya Kiingereza, kisha humwadhibu mtoto wa Newala kwa kusema Kimakonde uwanjani mwa shule, amejifunza kwa mtesi wake kila kitu isipokuwa toba. Kiswahili na kichukue maneno kutoka lugha hizo, na lugha hizo na ziandikwe, zichapishwe na ziheshimiwe, ama sivyo hoja yote iliyotangulia ni unafiki.

Basi yatakiwayo si ndoto. Ni vitabu vya kiada vya sekondari vilivyoandikwa kwa Kiswahili na wajuzi wa kila somo, si vilivyofasiriwa kwa haraka na wasiojua. Ni ruhusa ya mtahiniwa kujibu kwa lugha afikiriayo. Ni chuo kikuu kuihesabu tafsiri nzuri kuwa kazi ya elimu sawa na makala ya kigeni. Ni somo la Ufufuko kufundishwa kwa ukweli wake wote, Toledo na Florence, Caxton na Recorde, pamoja na moshi wa Kilwa na minyororo ya Hawkins. Gharama yake ni kubwa, lakini gharama ya kizazi kikariricho ni kubwa zaidi, nayo hulipwa kila mwaka bila kuandikwa katika hesabu ya serikali.

Mkorosho hauzai siku upandwapo. Hukaa miaka ukimsumbua mpandaji kwa palizi, na waliopita njiani humwuliza kwa nini anahangaika na kichaka. Recorde hakuishi akaiona alama yake ikienea duniani. Alifia gerezani mwaka 1558 kwa deni. Lakini alipanda. Uwanda wa Makonde umekwisha kuonyesha kwa mti wake kwamba mbegu ya mbali hugeuka mali ya mwenyeji kwa jembe, wala si kwa kibali. Asiyetaka kuamini kwamba elimu nayo yaweza kuota hivyo na aseme waziwazi kile anachokiogopa: kama ni mti usimee, au ni kwamba ukimea, watu wengi mno watakula.